Mafuta Kidogo Tu, Padre

Chumbani kwa Fundi Soli hapakuwa na nafasi ya mgonjwa. Watakatifu walikuwa wamewahi.

Juu ya kabati alisimama Bikira Maria wa plastiki, yule ambaye taji lake la buluu ni kifuniko: ukimvua taji, anakumiminia maji ya baraka. Kando yake palikuwa na chupa iliyowahi kuwa ya mafuta ya kupikia, sasa imejaa maji ya baraka ya akiba, maana Bikira wa plastiki alikuwa mdogo na shida za nyumba ile zilikuwa kubwa. Dirishani, kopo la chumvi iliyobarikiwa. Ukutani, upande wa kichwani, picha ya Mtakatifu Yosefu na randa yake ya useremala. Rozari kwenye kitasa cha mlango, rozari kwenye nguzo ya kitanda, na rozari nyingine ya mbao chini ya mto, ambayo ilimchoma Fundi sikioni kila alipojaribu kulala. Na kwenye kona, juu ya stuli, Mtakatifu Antoni wa udongo alikuwa amegeuziwa uso ukutani kama mtoto aliyepiga kelele darasani.

Antoni alikuwa kifungoni. Kosa lake lilijulikana: miwani ya mke wa Fundi ilipotea, akaombwa yeye, mwombezi wa vitu vilivyopotea, aitafute, akanyamaza.

"Atageuzwa miwani ikipatikana," mke alikuwa ametoa hukumu.

"Sasa ataionaje, na umemtazamisha ukuta?" Fundi aliuliza kutoka kitandani.

"Usimtetee. Ndiyo maana hajirekebishi."

Mke huyo mtaa mzima ulimwita Mama Novena. Novena, kwa asiyejua, ni sala ya siku tisa, na siku ya kumi mtu hupumzika. Mama Novena hakuijua siku ya kumi. Akimaliza moja aliunganisha nyingine, kama mvuta sigara anayewasha mpya kwa moto wa ile inayozimika. Hata ndani ya Misa alikuwa kazini: Padre akipanda kuhubiri, yeye alichomoa rozari na kuanza kuisali kimoyomoyo, midomo ikimchezacheza, asipoteze muda. Kwa hiyo mahubiri ya miaka yote yalizunguka kichwa chake yakitafuta mlango, yasiupate, yakaenda kuwaingia majirani.

Fundi Soli yeye aliyasikia, kwa sababu hakuwa na la kufanya. Ujana wake wote na uzee wake wote alishona viatu kwenye kona iliyo jirani na geti la kanisa. Mteja akileta kiatu kinachouma, kinachovuja, kinacholia, jibu lilikuwa moja: "Tatizo ni soli." Jina likamganda. Maisha nayo yalimpa yake: alifilisika, alichomewa kibanda, alizika ndugu, na kila mara aliamka akatafuta la kuchekea, maana, alisema, kulia kunaharibu gundi.

Sasa tatizo halikuwa soli. Tatizo lilikuwa uvimbe tumboni, mkubwa kama ngumi, na daktari wa upasuaji alikuwa amesema Alhamisi wanautoa. Alikuwa amesema na mengine, kwa ile sauti ambayo madaktari huitunza kwa wazee: umri umekwenda, moyo si imara sana, tutajitahidi, tumtangulize Mungu. Fundi alilijua neno hilo. Fundi akishamwambia mteja "tumtangulize Mungu", kiatu hicho kimekwisha.

Basi Jumanne asubuhi, mke wake alipoingia na kikombe cha chai, Fundi alisema alichokuwa akikizungusha moyoni tangu alfajiri.

"Mke wangu, niitie Padre. Nataka Mpako wa Wagonjwa kabla sijaingia kwenye kisu."

Chai ilimwagikia sahani, kisha ikamwagikia Bikira.

"Umechoka kuishi?"

"Sijachoka. Ndiyo maana namwita."

"Baba watoto, mimi nakuuguza, wewe unaita maziko!" Alikuwa ameshashika kifua. "Nyumba nzima nimeizungushia ulinzi. Nimekuvika skapulari ya baraka shingoni. Nimekunyunyizia maji mpaka godoro limeota ukungu. Halafu wewe, kwa mdomo wako, unaita mafuta!"

"Maji ya baraka unaniogesha nayo mchana kutwa. Mafuta kidogo yana kosa gani?"

"Maji ni ya walio hai," alisema Mama Novena. "Mafuta ni tiketi."

Akatoka na kikombe. Na simu ya Fundi akatoka nayo pia. "Naipeleka chaji," alisema. Simu hiyo ilikaa chaji siku nzima.

Fundi akabaki anaitazama dari. Hakuwa mtu wa kutetemeka ovyo, na kama mkewe angemuuliza angemjibu kwa mzaha. Lakini hakuulizwa, na mzaha usio na msikilizaji hauna nguvu. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa. Hakuogopa kisu. Aliogopa kile kipindi cha kulazwa juu ya kitanda chenye magurudumu na kusukumwa kwenye ukumbi mrefu, mke na mwana wamebaki nyuma ya mlango, na yeye anaendelea mbele bila mwenzake. Alitaka mtu amshike kabla ya mlango ule. Na yeye Mkristo wa Kikatoliki aliyebatizwa utotoni, aliyesikiliza mahubiri yote kwa sababu hakuwa na rozari mkononi, alijua nani kawekewa kazi hiyo.

Kabla ya adhuhuri akaja Mwenyekiti wa jumuiya, mama mnene wa kitambaa cha kijani, kumjulia hali mgonjwa. Mwenyekiti alikuwa na kipaji cha kumjulia mtu hali mpaka hali ikazidi. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, kitanda kikalalamika.

"Pole, shemeji. Mbona umekwisha hivi?"

"Nawe pole, Mwenyekiti. Mbona hukwishi?"

Mama Novena, aliyesimama mlangoni, hakucheka. "Hebu mwambie, Mwenyekiti. Eti anataka mafuta."

Mwenyekiti akapiga ishara ya msalaba. "Shemeji, shetani huyo. Baba yake kinyozi je? Padre alimpaka asubuhi, jua la utosi tunaimba kwaya ya maziko. Yule mama wa duka la vitambaa? Mafuta hayajakauka kwenye paji, kafunga macho. Mwalimu mkuu mstaafu? Padre hajawasha hata pikipiki yake kuondoka. Mimi nilikuwepo. Haya si ya kusimuliwa."

"Ulikuwepo kote?"

"Kote!"

"Kabla Padre hajafika?"

"Siku kadhaa kabla. Mimi siachi mgonjwa."

"Basi huo ni ushahidi," alisema Fundi Soli. "Mtaa huu hajafa mtu bila wewe kukaa kwanza kwenye kitanda chake. Sasa mbona mlango tunamfungia Padre?"

Mwenyekiti akajisogeza kidogo kutoka ukingoni. Fundi akaona nafasi, akaitumia.

"Sikilizeni, wake zangu wa imani. Padre alilihubiri hili waziwazi, ila siku hiyo mmoja wenu alikuwa kwenye tendo la tatu la uchungu la rozari na mwingine alikuwa anahesabu waliovaa sare. Mpako ni wa mgonjwa. Mtu ameugua sana, au uzee umemlemea, au anakwenda kupasuliwa: anapakwa. Akipona, akaugua tena, anapakwa tena. Si kitu cha mara moja. Nyinyi mnamwita Padre kama watu wanavyomwita fundi bomba: mpaka maji yafike magotini. Akikuta nyumba imeshafurika, mnasema fundi ndiye kaleta mafuriko."

"Maneno mazuri," alisema Mwenyekiti akiinuka. "Baba yake kinyozi naye alikuwa na maneno mazuri."

Wakatoka wote wawili. Kupitia ukutani Fundi aliwasikia sebuleni wakipanga ulinzi mpya. Kulikuwa na sala moja iliyokuwa ikizunguka kwenye simu: mtumie kila unayemfahamu na utapata habari njema, ikatishe na uone cha mtema kuni. Mama Novena alikuwa ameshamtumia kila mtu, hata daktari wa upasuaji.

"Kaipeleka mbele?" Mwenyekiti aliuliza.

"Hajajibu! Fikiria, mtu anakwenda kumpasua mume wangu na mnyororo kaukata yeye!"

Baada ya chakula cha mchana alifika binti yao mkubwa, mshonaji, na futi shingoni, kumpima baba yake nguo za kulalia za hospitali. Alimpima mabega kimya kimya, na alipofika kiunoni akaona futi inabaki ndefu kuliko ilivyokuwa ikibaki zamani. Akajifanya anakohoa.

"Usinililie, mwanangu, utaniharibia vipimo," alisema Fundi. Kisha akashusha sauti. "Ukitoka hapa pitia parokiani. Mwambie Padre mimi namwita. Mimi mwenyewe, kwa akili zangu timamu. Leo, maana kesho nalazwa."

"Baba! Mama atanichuna ngozi."

"Utajishonea nyingine. Si ndiyo kazi yako?"

Binti akakunja futi yake, akamtazama Antoni kisogoni, akatoka bila kujibu. Lakini alitoka kwa hatua za mtu mwenye safari, na Fundi, aliyesikiliza hatua za watu maisha yake yote, akatulia.

Jua lilikuwa linaanza kuinama pikipiki iliponguruma nje na kuzimwa. Fundi akategesha sikio. Kwanza soli ngumu, kisha kisigino cha kulia kinachopiga kofi chini kwa sababu kimelika upande wa nje. Huyo alikuwa Padre. Fundi alikuwa amemwambia tangu zamani kiatu kile kiletwe, na Padre alikuwa amejibu kwamba Bwana alitembea kwa makubazi.

Aliyefuata kusikika ni Mama Novena, akipita kwenye ukumbi mbio mbio. Mlango wa chumba ukafungwa kutoka nje, polepole, kama mtu anayefunika chungu. Kisha sebuleni redio ikaongezwa sauti.

"Karibu, Padre! Karibu! Mbona ghafla?"

"Tumsifu Yesu Kristo, mama. Nimekuja kumwona mzee."

"Milele na milele, amina. Mzee amelala. Usingizi mzito! Daktari amesema asiguswe." Kiti kikavutwa. "Lakini kwa kuwa umefika, Padre, usiondoke mikono mitupu. Nibarikie jokofu."

"Jokofu?"

"Linalia usiku."

Padre alikuwa kijana bado, mashavu yake yana seminari ndani yake, na hakuwa amejifunza kumkatalia mama wa umri wa mama yake. Akabariki jokofu. Akaelekezwa kwenye cherehani ya zamani, akaibariki. Akapelekwa kwenye mlango wa nyuma, ambapo mguu wake ulikanyaga kitu kikalia kwachakwacha.

"Mama, hii ni chumvi?"

"Ile uliyonibarikia. Naimwaga kizingitini, wabaya wangu wakivuka wapooze."

"Mama yangu, chumvi iliyobarikiwa si mtego wa panya." Sauti ya Padre ilikuwa na uchovu wa mtu aliyekwisha kulisema hilo katika nyumba nyingi. "Ni kama maji ya baraka. Ukijigusa nayo unakumbuka ubatizo wako, unamwomba Mungu akulinde. Nguvu ni za Mungu na imani ni yako. Chumvi yenyewe haimtambui mbaya wako. Na hao watakatifu hatuwaabudu wala hatuwaajiri. Tunawaomba watuombee, kama unavyomwomba jirani akuombee."

"Ndiyo hivyo hivyo," alisema Mama Novena, ambaye hakuwa akisikiliza. "Sasa tupande darini, kuna tangi."

Fundi Soli akaona siku inaondoka na jokofu limepata neema kumpita yeye. Akakohoa.

"Nini hicho?" Padre aliuliza.

"Redio."

Fundi akakohoa kwa nguvu zaidi, akaongezea na mguno.

"Redio inakohoa, mama?"

"Ni mchezo wa kuigiza. Wa mtu mgonjwa."

"PADRE!" alipiga kelele Fundi, na tumbo likamjibu kwa maumivu yaliyomtoa machozi.

"Imeniita," alisema Padre.

"Yumo padre mmoja kwenye mchezo. Mtu mbaya sana, anaishia pabaya."

Fundi akakusanya pumzi yote iliyobaki. Alijua kuna salamu ambayo padre yeyote duniani, hata aamshwe usingizini, hawezi kuiacha bila jibu.

"TUMSIFU YESU KRISTO!"

"Milele na milele, amina!" Padre aliitikia kabla hajafikiri. Kisha akafikiri. "Mama. Redio inayongoja kuitikiwa sijapata kuiona."

Kile kisigino kikaja kinapiga makofi ukumbini. Mlango ukafunguliwa, lakini aliyeingia kwanza ni Mama Novena, mkimbiaji wa siku hiyo, akasimama katikati ya kizingiti kulitazama kundi lote la maadui: Padre nyuma ya bega lake na binti yake mshonaji, aliyerudi na pikipiki ile ile, nyuma ya Padre, mumewe mbele kitandani. Akanyoosha mikono, mmoja kwenye mwimo huu, mmoja kwenye mwimo ule.

"Hapiti mtu."

"Mama," alisema binti.

"Wewe nyamaza, msaliti. Nitakushughulikia."

Padre akajaribu. Alieleza vizuri, na kila alichosema kilikuwa sahihi. Alisema Mtume Yakobo aliagiza mgonjwa awaite wazee wa Kanisa wamwombee na kumpaka mafuta, wala hakuagiza mgonjwa angoje kwanza azimie. Alisema anayekaribia kufa ana chakula chake cha safari, Komunyo ya mwisho, na kwamba watu wamevichanganya hivi viwili siku nyingi. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Mama Novena alikuwa amefumba macho na midomo ilikuwa inamcheza. Alikuwa ameshaanza Salamu Maria.

Fundi Soli akamtazama mkewe. Alikuwa na dongo zuri tayari ulimini, la mtu anayefunga mlango kwa Salamu Maria. Akalimeza. Aliona jinsi mkewe alivyoing'ang'ania miimo ya mlango, kama mtu anayezama.

"Mke wangu," alisema taratibu. "Mama mkwe alianza lini kuomba aitiwe padre?"

Midomo ikasimama.

"Ulinisimulia mwenyewe, tulipokuwa wachumba. Nikumbushe."

Mama Novena hakufumbua macho. "Usimwingize mama yangu humu."

"Yumo tayari. Ndiye amesimama hapo mlangoni. Alianza lini?"

Alipojibu, sauti ilikuwa ya msichana mdogo.

"Alipokuwa bado anaweza kukaa. Alikuwa ananisuka nywele, huku anasema, niitieni Padre. Kila siku alisema. Hata maziwa hakuyaomba hivyo."

"Na baba yako?"

"Baba alisema padre ataleta mkosi. Alikataa mpaka mama..." "Mpaka mama hawezi kusema tena. Ndipo shangazi akaenda kwa siri kumwita. Mimi ndiye nilishika mshumaa. Nimeona kwa macho yangu, Baba watoto. Alimpaka, na mshumaa haukufika nusu."

"Kwa hiyo mafuta yalimwua."

"Niliona!"

"Uliona yakichelewa," alisema Fundi. "Mama mkwe aliyaomba akiwa na nguvu za kusuka nywele. Angeyapata siku ile, angekaa nayo miezi yote ya ugonjwa wake, ametulia. Badala yake alikaa anangoja, akisikiliza mlango. Nani alimnyima?"

Mama Novena akafumbua macho. Hakumtazama mumewe. Alitazama mkono wake wa kulia, jinsi ulivyoshika mwimo, kisha akageuka akautazama wa kushoto. Akasimama hivyo muda, kama mtu aliyekuta nguo ya baba yake mwilini mwake.

Mikono ikashuka yenyewe.

"Mimi naogopa, mke wangu," alisema Fundi Soli, na hapakuwa na mzaha hata wa kuonja. "Sitaki kusikiliza mlango."

Redio sebuleni ilikuwa inatangaza bei za sabuni.

"Atapona?" Mama Novena alimuuliza Padre bila kugeuka.

Padre angeweza kusema ndiyo, na angependwa. "Sijui, mama. Namwomba Mungu apone. Lakini hii si hirizi, siwezi kukuahidi. Ninachoahidi ni kwamba Alhamisi hataingia kule peke yake."

Mama Novena akajipangusa pua kwa ncha ya kanga, akajisogeza upande mmoja wa mlango.

"Haya, mpake," alisema. Padre alipokuwa anapita, akamshika mkono. "Lakini kidogo tu, Padre."

"Mama, hayana dozi."

"Kidogo tu."

Kwanza walitolewa wote nje, maana mgonjwa alitaka kuungama. Aliungama kwa kirefu. Mtu aliyeuza viatu akisema "ngozi tupu" ana mengi. Nje, Mama Novena alikuwa anapitapita karibu na mlango kuliko ilivyolazimu, na Padre alipofungua alimkuta amesimama pale pale, sikio likiwa bado limeinama.

"Amenitaja?"

"Hilo nitazikwa nalo, mama. Ingieni tusali."

Padre alihitaji mahali pa kuweka kichupa chake cha mafuta. Kabati lilikuwa limejaa, dirisha limejaa. Akamwinua Mtakatifu Antoni kutoka kwenye stuli ili apate nafasi, akainama kumlaza, akabaki ameinama. Kati ya miguu ya stuli na ukuta, mahali pale pale Antoni alipokuwa ameelekezewa uso tangu ahukumiwe, kulikuwa na miwani.

"Mama," alisema Padre. "Huyu alikuwa anaitazama muda wote."

"Sasa ningeonaje," alisema Mama Novena, "na miwani sina?"

Fundi Soli alicheka mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili. Ilimuuma vibaya sana na hakujuta.

Basi akapakwa. Padre alivaa stola yake shingoni, akamwekea mikono kichwani kimya, akampaka paji la uso, kisha akasema, "Nipe viganja." Fundi aliona haya kidogo kuvitoa. Gundi na rangi ya viatu zilikuwa zimeingia kwenye mistari ya viganja vile miaka mingi iliyopita na hakuna sabuni iliyozifuata. Padre akavipaka vile vile vilivyo. Mama Novena alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda, miwani imekaa upande, mikono mitupu. Rozari ilikuwa kwenye kitasa na alikuwa ameisahau. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza katika ndoa yake na Kanisa, alisikiliza sala mpaka mwisho.

"Ndiyo hiyo?" aliuliza baada ya amina. "Yote?"

"Yote."

"Mbona kufa hakumo? Nimesikia kuimarishwa, nimesikia kusamehewa, nimesikia kuinuliwa. Nilikuwa nangoja kufa kuingie."

"Ulitaka nikuongezee?"

"Hapana, hapana!" akasema haraka. "Pametosha hapo hapo."

Jumatano alilazwa. Alhamisi akasukumwa kwenye ule ukumbi mrefu, na mwuguzi aliyekuwa akisukuma kitanda alimwuliza mbona anaangalia viganja vyake. Fundi akamwambia anakagua kazi ya fundi mwenzake. Mlango ukafunguka, akaingia.

Alipoamka alikuwa na kiu, tumbo limefungwa kama kifurushi, na sura ya kwanza aliyoiona ilikuwa na miwani. Mama Novena alikuwa ameinama juu yake akimkagua kama anayechagua nyanya.

"Uko hai?"

"Niulize baada ya maji."

Akalia basi, Mama Novena, alilia mpaka wodi nzima ikamnyamazisha, na katikati ya kilio akamlaumu kwa kumtisha.

Uvimbe ulikuwa umetoka wote, daktari alisema, ingawa moyo ulimsumbua saa nzima na angependa Fundi aache kazi ya kuinama. Fundi aliahidi. Majuma machache baadaye alikuwa kwenye kona yake, ameinama, na Padre amekaa mbele yake mguu mmoja mtupu, hatimaye kisigino kimeletwa.

"Mzee, zungumza na mke wako," alisema Padre. "Ananiita kwa kila mtu. Jana kaniita kwa mwenye mafua. Nimemweleza, mpako ni wa ugonjwa mzito. Kanijibu, mafua yake mazito, njoo uone."

"Kwani hukuhubiri kwamba tusichelewe?"

"Na Mwenyekiti anaogopa kutembelea wagonjwa. Nasikia kuna mtu anasambaza kwamba yeye ndiye mwenye mkosi."

"Watu wana midomo," alisema Fundi Soli, akapiga msumari.

Jioni hiyo alirudi nyumbani polepole, akaingia chumbani kupumzisha mgongo. Mambo yalikuwa yamepangwa upya. Mtakatifu Antoni alikuwa amepata msamaha kamili: alisimama juu ya kabati, ametazama chumba, ameoshwa, na mbele yake kumewekwa ua. Rozari ya chini ya mto ilikuwa imeondolewa. Fundi alikuwa karibu kumshukuru Mungu kwa elimu iliyoingia nyumbani mwake, alipoinua macho upande wa kichwani.

Picha ya Mtakatifu Yosefu ilikuwa imegeuzwa. Kilichoonekana ni ubao wa nyuma, msumari na kamba.

"Mke wangu! Huyu naye kapoteza nini?"

Mama Novena akatokea mlangoni, mikono ina povu la sabuni, na hakuona haya hata chembe. "Hajapoteza kitu. Mwenyekiti kanikumbusha, Yosefu ndiye mwombezi wa kifo chema. Na wewe nakuona, unalala hapo chini yake siku zote, anakutazama, anakutazama."

"Padre hakukufundisha juzi tu?"

"Kanifundisha, nikaelewa vizuri sana. Yosefu simkatai. Akae hivyo hivyo, nitamgeuza mwenyewe tukiwa tayari." Akasita, akajifuta mikono kwenye kanga. "Bado hatujawa tayari."

Akarudi jikoni. Fundi Soli alikaa ukingoni mwa kitanda akiusikiliza mwendo wake, kandambili zile zile, ya kushoto ikiburuta kidogo. Angeweza kuinuka akaigeuza picha. Mkono ulifika kabisa.

Akaurudisha gotini.

"Fundi mwenzangu," aliuambia ule ubao, kwa sauti ya chini ili isifike jikoni, "vumilia. Wewe umegeuziwa ukuta tu; mimi nimeishi miaka yote hii nimegeuziwa yeye."